Hodi Isiyorudiwa

Nyie chekeni tu. Mie haya yamenikuta, wallahi, mchana kweupe wa Ijumaa, kwetu Makorora. Sikuwa na homa wala sikuwa usingizini.

Mie napenda gemu mbaya. Si mchezo mbaya, nasema sura: zile za zamani, mtu kichwa kama tofali, vidole vimegandana kama mwiko, macho ya kuchorwa, akisema mdomo hautikisiki. Kaka yangu hunicheka, "Gemu nzuri tele, we washikilia mazimwi!" Aniache. Zile nzuri zinajidai. Hizi zimejitahidi kuwa watu zikashindwa, maskini, nami nimezihurumia mpaka nikazipenda.

Siku hiyo wanaume walikuwa msikitini, mama yuko uani anakuna nazi. Tangu utotoni katufunza: adhuhuri usiitikie hodi ya kwanza. Binadamu hurudia hata mara tatu, kisicho binadamu hupiga moja. Lakini mtu akishazama kwenye gemu ana masikio?

"Hodi!"

"Karibu, pita," nikasema. Hata jicho sikuinua.

Akaingia mwanamke wa baibui, akakaa mkekani. Ndipo nikamtazama. Kichwa tofali. Vidole vimegandana. Macho ya rangi. Unadhani nilipiga kelele? Laiti! Amini usiamini, nilitabasamu.

"Wazipenda sura hizi?" akaniuliza, mdomo umefumbwa.

"Sana," nikasema. Ulimi wangu huu!

"Basi nakuachia moja."

Mama akatoka uani akijifuta mikono kwa leso, akamnyooshea mgeni mkono. Nilitaka kusema, "Mama, usimguse!" Nikachelewa. Wakashikana mikono mbele ya macho yangu. Kufumba na kufumbua, mkekani hakuna mtu.

"Mgeni kenda wapi?" mama akaniuliza. Mdomo wake haukutikisika.

Tangu siku ile ndivyo ninavyomwona: kichwa tofali, vidole vimegandana, macho ya rangi. Wengine wote wanamwona kama zamani, na yeye mwenyewe hujiona vilevile kwenye kioo. Mgeni anamkumbuka, ati mwanamke mzuri. Nimesomewa Kurani, nimekunywa kombe la aya, daktari wa macho kasema sina ugonjwa. Mashine ya gemu nimeiponda kwa mchi. Wapi! Nimeshindwa, jamani, sina la kufanya.

"Mbona hunitazami, mwanangu? Nimekukosea nini?" huniuliza kila siku.

Juzi dada alikuja kutoka Pongwe, tukakaa na mama tukimenya muhogo. Dada akanifinya, akaninong'oneza, "We una roho gani? Mama analia, huoni?"

Nikamtazama mama. Macho yale yale ya rangi, makavu.

Ewe unayenisikiliza, hodi ya kwanza nyamaza, ngoja ya pili. Na kama mama yako yuko hapo karibu, inua macho umtazame sasa hivi.