Matanga Yetu ya Kibati

Bado nasikia bidoni tupu, dumu la maji, ikipigwa kwa kijiti: ti-ti-pa, ti-ti-pa. Ndivyo mzee mmoja tuliyemwita papa, mkimbizi kama sisi, alivyoita watu waje kutazama teatri yetu katika kambi ya Kibati, karibu na Goma. Tulichezea juu ya mawe meusi ya volkano.

Siku hiyo, katika mchezo, nilikuwa mjane. Nilipoanza kulia, mama mmoja aliyetoka Masisi akainuka, akaja kuketi kando yangu. Wamama wengine wakamfuata, maana kwetu mwanamke aliyefiwa haachwi alie peke yake. Wakanifunika kitenge, wakaanza kuimba.

"Mama, huyu hajafiwa, anacheza tu!" vijana wakapiga kelele.

"Munyamaze! Nyinyi baba zenu wakikufa, mutacheka?" mama wa Masisi akawajibu.

Marehemu mwenyewe, chini ya mkeka, akaanza kutikisika kwa kicheko.

Mchezo ukavunjika, lakini papa akaniambia, "Weye mutoto, uko aktrisi wa kweli. Siku ya dimanshi nakupeleka ucheze Goma, mu salle kubwa."

Kabla ya Jumapili vita vikatufikia. Tulikimbilia mjini Goma kwa miguu, tukapotezana na papa njiani. Wengine wanasema alielekea mpakani, Bunagana. Mpaka leo, nikiona mgongo mrefu kama wake pale mtaani Birere, hapa Goma, naharakisha nimwone uso.

Jumapili ile nilinawa miguu, nikaenda kwenye ile salle, ukumbi wa michezo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikapanda ngazi, nikaigeukia barabara, nikainama kama wanavyoinama waigizaji wakipigiwa makofi.