Ushahidi Wangu Dhidi ya Fundi Kahindi

Nikikutana na akina mama wa kikundi chetu hapa Matsangoni natazama chini mpaka leo, na nastahili, maana aibu hii hakunitilia mtu, niliifuma mwenyewe kwa sindano yangu.

Mimi ni karani wa kikundi (nimesoma hadi darasa la nane tu, lakini mwandiko wangu unasomeka), na laptopu ya kikundi inakaa kwangu. Ilipokuwa nzito kufunguka niliipeleka Malindi kwa fundi Kahindi, akatoa diski ya zamani akatia ile ya kisasa wanayoiita SSD, ndogo kama kipande cha biskuti, ikawa inawaka kabla sijakaa vizuri. Kwa furaha nikaifumia nguo wiki hiyo hiyo (kwangu hakuna kifaa kinachokaa uchi, redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa), nene, ya rangi ya waridi, yenye sponji chini isije ikakwaruzika, na nikawa naandika huku nimeifunua juu tu, chini imevaa.

Basi ikaanza kuzima. Naandika, skrini inakuwa buluu, kisha giza. Mara ya kwanza nikajilaumu, labda nimebonyeza pasipobonyezwa. Mara ya tatu nikamfikiria Kahindi. Nikaigeuza, nikaona skrubu moja ya chini haipo. Nikakumbuka aliniambia, "Njoo baada ya adhuhuri, dada," nami nikamwacha peke yake na mashine. Kwa nini hakutaka nimwone? Nikaamini katutilia diski mbovu, ile nzuri kampa mwingine. Nikamrudishia aiangalie (nguo niliiacha nyumbani isichafuke), ikawaka kutwa nzima mezani kwake bila kuzima hata mara moja, nikazidi kushuku, mbona inamtii yeye?

Hapo ningemuuliza. Mimi nikapita kwa akina mama, nyumba saba, nikiwaambia wasimpelekee Kahindi kitu tena, simu wala redio. Bi Mwanajuma, mwenyekiti wetu, hata shikamoo yangu aliiitikia nusu. "Kadzo mwanangu, huko ni kumkatia mtu riziki yake. Una ushahidi?"

Nikasema nitauandika. Wiki nzima nikajaza daftari, siku na saa, na kila nilichokiona hata kisicho na maana, asije akasema nimemwonea.

Jumamosi tukaenda wanawake watano, tukasimama mbele ya kibanda chake, wateja wamejaa kwenye benchi. "Soma, naye asikie," akasema Bi Mwanajuma.

Nikasoma kwa sauti ya mahakamani. "Jumatatu saa nne imezima, chini ina moto. Jumanne imezima mara mbili. Jumatano haikuzima kutwa, nguo yake nimeifua, iko kambani. Alhamisi haikuzima, sponji haijakauka. Ijumaa imevaa, imezima kabla ya saa tano."

"Hebu rudia hapo Jumatano," akasema Bi Mwanajuma.

"Dada," Kahindi akauliza polepole, "mashine inavaa nguo?"

Nikazitoa mkobani, laptopu na nguo yake. Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Hata mimi sina sweta kama hilo." Kahindi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaivika laptopu, akafungua mahali panapoonyesha joto la ile diski, akaipa kazi ya kunakili video ya harusi. Tarakimu zikapanda, sote tumeinama tunatazama, skrini ikawa buluu, ikazima. Akaivua, akaiacha ipoe, akairudishia kazi ile ile, ikaimaliza.

"Diski hizi zina mbio lakini zina joto," akasema, "na hewa inaingilia huku chini. Wewe umeifunika gubigubi, na jua letu hili."

Nikamwomba radhi mbele ya watu. Akasema, "Yamepita, dada, lakini ungeniuliza." Kwa Bi Mwanajuma hayakupita. "Nyumba saba ulizopita kumvua mwenzio, utazipita hizo hizo kumvika."

Nilizipita zote, kwa miguu. Ya saba hawakuningoja niketi. "Karibu, Kadzo, tushasikia. Sweta umekuja nalo?"

Siku hizi nikitaka kumshuku mtu naanza na mikono yangu. Nguo ile nimeivika chupa ya chai, inayopenda joto. Ila ile skrubu haijaonekana. Haki isemwe, huenda ni Kahindi, huenda haikuwepo tangu mwanzo. Daftarini nimeandika tu: skrubu moja haipo, sijui, na nyumba ya mtu sitaipitia.