Mume Aliyetoa Njia ya Umeme

Severini ana miaka sitini na miwili, na thelathini na minane kati ya hiyo ameishi Mgeta juu, kwenye shamba la mkewe. Analima kabichi na karoti kwenye matuta yaliyopangana mlimani kama ngazi. Anajua lori lipi litachelewa na lipi halina breki, na ukimuuliza jambo lolote hujibu kabla swali halijatua.

Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo. Hutoka kwa mama ikaenda kwa binti, na mume hukaribishwa kuilima. Severini analijua hilo kama anavyojua jina lake. Ila kuna siku mtu husahau hata jina.

Siku yake ilikuja na mpimaji. Kijiji kilikuwa kinajenga mtambo mdogo wa umeme kwenye maporomoko ya mto, na nguzo zilitafutiwa njia ya kufika shuleni. Mpimaji aliitwa Doreen, msichana wa Kihonda, Morogoro mjini, mwenye viatu visivyoujua bado udongo wa huku. Bernadeta, mke wa Severini, alikuwa kwenye kikao cha akina mama kanisani.

"Shikamoo mzee. Mwenye shamba nimemkuta?"

"Unaongea naye."

Doreen akaeleza. Chini ya nyaya, mazao mafupi yanaruhusiwa. Nyumba na miti mirefu, hapana. "Kwa hiyo ile mipeasi mitatu itakatwa."

"Mti ni mti tu, binti yangu," alisema Severini, akaweka sahihi yenye mkia mrefu. Kila mpeasi ukafungwa kitambaa chekundu.

Mipeasi ile ilipandwa na mama yake Bernadeta, mmoja kwa kila binti. Mabinti wawili wamelala makaburini, hatua chache chini ya hapo.

Bernadeta aliporudi alisimama mbele ya vile vitambaa.

"Baba Winfrida, nani amevalisha miti yangu?"

"Kijiji. Umeme unapita."

"Na mwenye shamba ameridhia?"

"Ameridhia."

"Yuko wapi nimsalimie?"

Severini akazitazama karoti kama anayezihesabu.

"Alhamisi kuna mkutano wa kijiji," alisema Bernadeta, bila kupandisha sauti. "Ramani ikipitishwa, miti inakwenda. Utasimama wewe uliyeitoa, useme kwamba pale umeoa."

Alhamisi Severini alisimama, kofia mkononi.

"Ndugu zangu, kumetokea kosa dogo la kitaalamu."

"La mtaalamu gani?" aliuliza mama mmoja wa mbele.

"Lile shamba... Pale mimi nimeoa."

"Karibu sana kijijini, shemeji," alidakia mwingine, na mkutano mzima ukacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Ile sahihi ikafutwa. Lakini nyaya haziwezi kupita hewani bila nguzo, na njia nyingine ilikuwa moja tu, ng'ambo ya kijito, kwenye ardhi aliyoiacha mama yake Severini. Mwenyekiti akasema wazi: kibali cha huko kisipopatikana kufikia Jumamosi, mstari utarudi kwenye mipeasi.

"Huko ni kwetu," alisema Severini, kifua kikijaa upya. "Andikeni. Nimekubali."

Bernadeta akamvuta shati. "Kaa chini, kabla hujaligawa na kanisa." Maana ng'ambo ya kijito shamba linashikwa na Martina, dada mkubwa wa Severini, ambaye hakuwa mkutanoni.

Kesho yake asubuhi Severini alivuka kijito, Doreen nyuma yake. Martina alikuwa anapalilia maharage na hakuinuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kama mdogo wangu, au kama mwenye shamba?"

Habari ilikuwa imevuka kijito kabla yake.

"Nimekuja kuomba."

"Basi omba."

Akaomba. Alieleza mipeasi, mabinti watatu, na jinsi alivyojibu mahali pa mkewe. Hakupamba. Martina akavuta majani mawili matatu kutoka kwenye tuta.

"Mkeo amekutuma, au umekuja mwenyewe?"

"Amenituma. Lakini nilipofika kwenye kijito, nilivuka mwenyewe."

Martina akanyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Na maharage yangu, wewe binti, yataruhusiwa?"

"Yataruhusiwa, mama. Hata kabichi."

"Basi pitisheni. Mwambie wifi yangu avue miti yake vile vitambaa. Ila nguzo isimame ukingoni, isinikanyagie tuta."

"Ukingo upi?" aliuliza Doreen, akimgeukia Severini, kalamu tayari.

Severini alifumbua mdomo. Akaufumba. Akasogea pembeni kidogo, akangoja dada yake aonyeshe kwa jembe lake.