Kioo Kisicho na Chenga

Naisimulia nikicheka, lakini nyie msinizidi kucheka, maana siku ile nilitamani ardhi ya kijiji chetu cha Mamba ipasuke inimeze mimi pamoja na kile kioo changu.

Kikundi cha wanawake wa tangawizi, ambacho mama yangu alikuwa mwenyekiti wake, kiliamua kununua televisheni ya kijiji kizima, na mama akasimama mkutanoni akasema atakayeshuka mjini Same kuichagua ni mimi, kwa sababu nimemaliza kidato cha nne (sababu nyingine ilikuwa kwamba sina kazi, nashinda nyumbani nikifukuza kuku, lakini hiyo hakuisema). Mama Nakiete, aliyekitaka kile kiti tangu zamani, akasema, "Mwenyekiti, huyu kijana wako hata betri za redio unamtilia wewe."

"Akikosea, niulizeni mimi," mama akajibu.

Nikashuka. Dukani kulikuwa na vioo viwili vinawaka. Kimoja televisheni, picha ina chenga kama vile mtu anapepeta unga mbele ya mtangazaji. Kwenye cha pili vijana walikuwa wakicheza gemu ya magari, na jamani, mng'aro ule! Nikakikagua kwa karibu, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikainama pembeni kuona kama rangi zinafifia, nikasoma hata namba ndogo kwenye milango ya magari. Hakuna chenga hata moja, na bei iko chini ya ile ya mwenzake.

"Nachukua hiki," nikasema.

Muuzaji akatikisa kichwa. "Hiki hakikufai, kaka. Chukua ile."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sukari tunajua kwamba mwenye duka akikwambia kitu hakikufai, basi ndicho kizuri, kimewekewa shemeji yake, na anachokusukumia ndicho kibovu. Maduka sasa yalikuwa yamejaa, kila kitu kinauzwa waziwazi, lakini kichwa changu kilikuwa bado kimepanga foleni.

"Kaka, nisikilize, hiki ni cha..."

"Mimi nimesoma, bwana. Funga!" (Kwa sauti ile ya dharau, Mungu anisamehe.) Akafunga.

Kijijini likapigwa baragumu la msaragambo, ile kazi yetu ya wote isiyo na malipo. Siku mbili nzima wanaume walibeba mlingoti wa antena kutoka korongoni kuupandisha mgongoni mwa mlima, wanawake wakasomba mawe ya kuushindilia. Jumapili baada ya ibada watu wakajaa kwenye ghala la tangawizi na nguo zao za kanisani, wazee mbele, jenereta inanguruma. Yona, fundi redio wetu, akashika waya wa antena, akazunguka nyuma ya kioo. Akazunguka tena. Akapapasa kama mtu anayetafuta kupe kwenye ng'ombe.

"Eliapenda, waya huu unaingia wapi?"

"Hapo nyuma."

"Nyuma wapi? Hakuna tundu. Spika hakuna. Hiki ni kioo cha kompyuta, ndugu yangu. Kompyuta yenyewe iko wapi?"

Nikasema (bado najitetea, oneni ujinga) kwamba picha yake haina chenga.

"Kweli haina," mzee mmoja akajibu. "Na picha yenyewe haina."

Kicheko kikatoka mpaka nje. Waliobeba mlingoti hawakucheka, walikuwa wakijishika mabega yaliyochubuka.

Mama Nakiete akageuka kumtazama mama. Mama akasimama, akajifunga khanga upya, akauvua shingoni ufunguo wa ghala, ule unaokaa kwa mwenyekiti, na kuuweka mezani, mbele ya kioo kinachowaka bila kitu. "Nilisema niulizwe mimi," akasema, akatoka.

Muuzaji alikataa kukipokea tena, na sina la kumlaumu. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi; jioni ile alinipakulia makande kama kawaida, tena sahani imejaa. Ila tangu hapo, hata kiberiti anamtuma mdogo wangu. Nami nimeapa kwamba sitawanunulia watu tena kitu nisichokijua, na kiapo hicho ni chepesi kukitunza, maana hakuna anayenituma.