Kuvuka Likoni Kuomba Dume

Nilitoka Kiembeni kwenda Likoni kwa sababu moja: kati ya ng'ombe wangu kumi na mmoja, saba walikuwa hawashiki mimba. Miaka ishirini nimefuga Friziani watupu, na kwa sifa ya maziwa yao wafugaji wenzangu wakanichagua mwenyekiti wa chama chetu. Lakini joto la pwani liliwashinda. Mchana walisimama wakihema, ulimi nje. Dume niliyemhitaji alikuwa kwa Bi Rukia, yule mama niliyemshinda kwenye uchaguzi. Na mkutanoni, mbele ya watu wote, nilikuwa nimesema ng'ombe wake wa kuchanganya damu ni mbuzi waliokua kupita kiasi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimaliza kukamua, nikapanda pikapu ya shemeji yangu Karisa. Tulipofika Frere Town nikamwambia ageuze.

"Nigeuze, na nyasi za dume nishatandika huko nyuma?" akasema, akaongeza mwendo.

Saa tatu tulikuwa tumeshavuka kwa feri. Boma la Bi Rukia liko nyuma ya nyumba za kupanga. Unasikia ng'ombe kabla hujaona lango.

"Hodi! Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mwenyekiti. Umekuja kuwaona mbuzi wangu?"

Karisa akageukia ukutani apate kucheka. Nami nikasema yote: mimba, joto, na kwamba nilikosea.

Alinipeleka bandani. Jua lilikuwa limekolea, lakini ng'ombe wake wekundu wenye mabaka walikuwa wakila taratibu kama wako kwenye baridi ya Limuru.

"Nawachagulia mama na baba tangu marehemu mume wangu yu hai," akasema. "Mtamba anayehema sana juani simpandishi dume, hata awe mzuri vipi. Dume mchukue, akae kwako miezi mitatu. Lakini uliyoyasema mkutanoni, ukayafute mkutanoni."

"Inshallah, nitayafuta."

"Wallahi nitakuja kusikia!"

Kisha akatulisha mpaka tukashindwa kuinuka.

Alasiri, katikati ya kivuko, dume alinguruma, watu feri nzima wakageuka. Mama mmoja akauliza tunampeleka wapi.

"Kwa wachumba wake Kiembeni!" Karisa akajibu.

Vigelegele vikapigwa kama tumebeba bwana harusi. Nilicheka mpaka machozi, mimi niliyekuwa sijacheka tangu masika.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya wanachama, Bi Rukia akiwa kiti cha mbele, nikayafuta maneno yangu neno kwa neno. Halafu nikapendekeza yeye aongoze kazi ya uzalishaji wa ng'ombe chamani. Hakuna aliyepinga.

Leo, kati ya wale saba, sita wameshazaa, na ndama wao wanakimbizana juani saa sita mchana. Nilidhani kuchaguliwa mwenyekiti ni kuambiwa kwamba najua kuliko wenzangu. Siku hizi kila Alhamisi navuka na daftari langu kwenda masomoni bomani kwa Bi Rukia, nakaa benchi moja na wafugaji walioanza juzi, naye akiuliza swali, nanyoosha mkono kama wengine.