Shangazi wa Pande Mbili

Kazi yangu ni kupanga bidhaa za maduka ndani ya kompyuta: beseni chini ya vyombo, vyombo chini ya vitu vya nyumbani. Kila kitu na mzazi wake mmoja, basi. Nilijiona bingwa. Harusi yangu ilipokaribia nikaupanga ukoo wetu vivyo hivyo, nijue nani apewe sare ya kanga ya upande wangu na nani avae ya upande wa bibi harusi. Wallahi, nilijisifu peke yangu.

Tabu ni kwamba nilikuwa namwoa binamu yangu, mtoto wa shangazi. Shangazi huyo ni dada pekee wa baba, na tangu mama afariki ndiye aliyekuwa mama kwangu. Mashine ikakataa kumweka pande mbili. Nami, kichwa maji, nikamweka kwa bibi harusi nikafunga kompyuta.

Kanga zetu zikagawiwa mtaani kwetu Mabawa kote. Shangazi, huko kwake Muheza, hakuona hata pindo. Akanipigia simu, salamu hakungoja. "Kumbe umeshanifuta! Mimi na baba yako tumetoka tumbo moja, leo kwako nimekuwa mkwe tu?"

Nikaanza kumweleza habari za programu. Loo! Bora ningenyamaza. Akalia. Baba, aliyekuwa kando yangu, akaninyang'anya simu: "Msamehe, dada. Tulimsomesha kupita kiasi."

Nikampelekea kanga mwenyewe, aibu imenijaa mpaka nashindwa kumtazama.

Siku ya ndoa, asubuhi, shangazi huyo, kafika Mabawa amejifunga sare yetu. Akapanda gari letu, akaimba kuliko wote mpaka Muheza. Mlango tuliukuta umefungwa, kama ilivyo ada. Upande wa mke haufungui mpaka ubembelezwe. Shangazi akagonga mlango wake mwenyewe: "Hodi! Tumemfuata mke wetu!" Akazunguka uani, na punde tukaisikia sauti ileile ndani: "Nyie nani? Binti yangu hatoki!"

Watu hawana mbavu. Mlango ukafunguka nusu. Kasimama hapo, kanga yetu kiunoni, ya kwao kichwani, uso kaukunja. Nikababaika, nisijue nimwiteje.

"Shikamoo, shangazi," nikasema. Hakusogea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia. Halafu tena, taratibu, machozi yakimtoka: "Marahaba." Akanishika mkono akaniingiza ndani.