Mahindi Yaliyokataa Kushuka

Mimi ni engineer, lakini Moi's Bridge sikanyagi tena.

Ghala la wakulima wa huko lilichomwa wakati wa vurugu za uchaguzi, nami nikapewa kazi ya kuchora jipya. Nikalijaribu kwanza kwenye kompyuta. Nikaingiza uzito wa mahindi, unyevu wake, ugumu wa mabati, na milinganyo ya jinsi punje zinavyoanguka. Nikatoka Eldoret kifua mbele.

"Kompyuta haidanganyi," nikawaambia wakulima, projekta ikimulika ukuta. "Tazameni mahindi yakishuka."

Nikabonyeza. Mahindi yakapanda, yakatoboa paa, yakashika njia ya mbinguni! Kwenye nguvu ya dunia ya kuvuta vitu chini, nilikuwa nimesahau alama ya kutoa.

"Hii ni kawaida," nikajikaza, nikiwatazama wakulima.

Ndipo Mama Wambui, aliyerudi juzi kutoka kambi ya waliofukuzwa makwao na vurugu hizo, akainua mkono.

"Engineer, kwani hata mahindi nayo imeambiwa ihame?"

Kicheko kikalipuka. Majirani ambao hawakuwa wamesalimiana tangu vurugu wakashikana mabega wasianguke. Ukutani, mahindi yangu bado yalikuwa yanapanda.